Ngoma ya Watoto Hukesha

Wahenga waliosema ngoma ya watoto haikeshi walikuwa watu wazima wenye busara zao, ila nina hakika walilala nyumba ya pili. Kwetu Tabata inakesha. Huanza jioni kwa sufuria mbili na mwiko, hushika kasi wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili, hupumzika watu wakila, halafu saa tisa usiku, mtu akidhani uwanja umeshafungwa, binti yangu wa miezi kumi husimama kitandani mwake, hushika mbao kwa mikono miwili na kuanza kukitikisa kitanda kwa mdundo wa chakacha. Kaka yake wa miaka mitatu huamka papo hapo, maana kwake ni aibu ngoma ipigwe naye hayumo.

Wa kulaumiwa ni mama yao. Ni mwalimu wa chekechea, na walimu wa chekechea huenda semina. Tangu Serikali ilipozindua, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, madaftari ya semina yamejaa kabati zima. Programu hiyo inamtazama mtoto hadi afikishe miaka minane, na kifupisho chake ni PJT-MMMAM. Siku mke wangu alipokitamka mezani, mwanangu aliweka tonge chini, akazionja zile M tatu mdomoni, kisha akaanza kuzipigia meza. Ndicho kibao chake cha kwanza, na mpaka leo hajakichoka.

Kutoka kwenye semina hizo mke wangu alirudi na jambo moja analolisema kuliko yote: malezi yenye mwitikio. Mtoto akitoa sauti, ijibu. Akikutazama, mtazame. Akipiga kitu, nawe piga. Akanieleza kwamba muziki ni njia ya mkato ya kufika huko, kwa sababu ndani ya wimbo mmoja mtoto husikiliza, hukumbuka, hutamka, husogeza viungo na hungoja zamu yake, vyote kwa mpigo na bila kuambiwa kaa chini usome. "Tena haugharimu chochote," akamalizia. Maneno hayo ya mwisho niliyapenda sana. Ndiyo yaliyonifanya nikubali kabla sijauliza maswali.

Wa kwanza kuchangia alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye hana mtoto na kwa hiyo ana nafasi ya kutosha kuwa mtaalamu wa malezi. Alituma kwenye kundi la familia saa nzima ya Mozart, na chini yake akaandika kwamba mtoto akisikiliza hiyo kila siku atakuwa injinia. Mashangazi wakajibu kwa makofi na maua.

Mke wangu, ambaye huwa hamjibu kaka yake mbele za watu, alinipa habari yenyewe pembeni. Imani hiyo ilianzia kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature. Waliosikilizishwa Mozart hawakuwa watoto wachanga hata kidogo. Walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu huko California. Walisikiliza kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo zaidi kwenye maswali ya kukunja na kukata karatasi kwa kufikiria tu, na faida yenyewe ikayeyuka ndani ya robo saa hivi. Lakini habari ikisafiri huongeza mizigo njiani. Kufika mwaka 1998, Gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, alikuwa akiomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto mchanga wa jimbo lake apelekwe nyumbani na muziki wa aina hiyo. Kama gavana mzima aliingia kingi, shemeji yangu ni nani?

Kwa ajili ya amani ya ukoo tulimpigia mtoto Mozart. Simu ililazwa kando yake kwenye mkeka. Binti alisikiliza kwa heshima, akaiokota simu, akailamba kioo kutoka kona hadi kona, na ulimi wake ukabonyeza kitu. Mozart akakatika, likaingia tangazo la mikopo ya haraka, mtu anapayuka kwa furaha juu ya riba nafuu. Mtoto alicheka mpaka akaanguka chali. Sikuona dalili za uinjinia, ila benki wanaweza kuanza kumfuatilia.

Baada ya hapo tuliingia jikoni, na hapa naomba wenye sufuria zao za kitchen party wakae chini. Mke wangu alikuwa na seti aliyotunzwa na shangazi zake, kuanzia ile ya kuchemshia yai hadi ile ya pilau la watu ishirini. Mwanangu hakuzipiga ovyo. Alizipanga sakafuni, akaigonga moja kwa mwiko, akainamisha sikio, akaigonga ya pili, akaihamisha ya tatu ikae kati yake. Aluminiamu nene ilinguruma chini, nyembamba ililia juu, na kikaango kilitoa sauti ya mtu aliyekosewa. Mama yake alisimama mlangoni akinong'ona kwa fahari kwamba mtoto anapambanua, anafananisha, anapanga kwa mfuatano, na kwamba hizo ndizo hesabu zenyewe kabla ya kuitwa hesabu. Nilikubaliana naye kabisa. Jumapili tukapika pilau, mfuniko wa sufuria kubwa ukagoma kukaa kwa sababu ukingo ulishapinda kwa hesabu, mvuke wote ukatoroka, na wageni wakala wali ulioiva chini na mbichi juu. Shemeji, aliyekuwepo, alisema kwa Mozart haya yasingetokea.

Ikabidi sufuria zistaafu na tutengeneze vyombo vyetu. Kayamba la pwani, lile halisi, hutengenezwa kwa matete yaliyofungwa bapa, na ndani hutiwa mbegu. Nilimpigia mama yangu Tanga kumuuliza mbegu gani. Akanionya kabla sijamaliza swali: nisithubutu kuweka zile nyekundu zenye jicho jeusi, za mturituri, ambazo mafundi wengi huzitumia. Zinalia vizuri na zinapendeza machoni, lakini mtoto akiitafuna moja ni sumu kali. "Tia maharage," alisema. "Na kifuniko ukifunge, mwanangu. Ukifunge kweli."

Nilitia maharage kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Kifuniko nilikifunga kwa nguvu za baba. Mwanangu alikifungua kwa meno ya mwana. Tulijua kuna jambo pale kayamba lilipobaki kimya na mtoto akawa anapumua kwa mluzi. Mama yake alimwinua kidevu, akamulika kwa simu, na huko ndani ya tundu la kulia, lahaula, harage limejipumzisha. Sasa harage lina tabia moja ambayo kila anayepika anaijua: likipata unyevu linavimba. Na pua ya mtoto wa miaka mitatu ni mahali penye unyevu wa kudumu.

Zahanati tuliingia mbio. Nesi, mama mtu mzima, alitutazama, akatazama pua, akauliza kwa upole ni harage la aina gani. Mke wangu akasema la Soya, lile la njano. Nesi akatikisa kichwa, akasema hilo linaiva haraka. Kisha akampa maelekezo: mkalishe vizuri, ziba tundu la upande usio na kitu, fumba mdomo wake kwa mdomo wako, halafu puliza mara moja kwa nguvu. Mke wangu akapuliza. Kukasikika sauti ndogo ya kizibo, na harage likaruka juu ya meza ya nesi, likateleza kwenye kitabu cha mahudhurio na kuacha mstari mrefu wa kamasi juu ya majina ya watu. Foleni nzima ikashangilia. Mwanangu aliwaangalia wote waliokuwa wakimpigia makofi, akapanua mikono, akasema, "Tena!"

Makayamba ya sasa yana mchele ndani, na vifuniko vimeyeyushwa kwa kisu cha moto. Yanalia kwa upole, na hakuna anayeyapenda.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Kariakoo ipo. Mtaa wa Kongo nilinunua kinanda cha plastiki chenye funguo za rangi na kitufe chekundu. Ukibonyeza kitufe kinapiga wimbo mmoja wa Kizungu kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu mwanzo tena. Watoto walikipenda kwa muda wa kukitoa kwenye boksi. Kisha wakagundua kwamba kinajipiga chenyewe, wakarudi kucheza na boksi. Kitufe kikanasa ndani, tukakiviringisha kinanda kwenye shuka na kukizika kabatini sebuleni mpaka betri ziishe.

Betri za Kariakoo ukizihitaji zinakufa mchana. Usipozihitaji zina uzima wa milele. Usiku huo shemeji alikuwa amelala kwetu, hapo hapo sebuleni. Saa tisa kamili kinanda kikakusanya nguvu zake za mwisho na kuanza kuimba kwa sauti iliyozama, nzito, ya polepole, kutoka ndani ya kabati. Sisi tuliamshwa na dua. Shemeji alikuwa amesimama juu ya kochi akisoma kila alichowahi kufundishwa, na alipoishiwa na za dini yake akaazima za jirani. Nilipofungua kabati na kumwonyesha, alikaa chini, akajifuta jasho, na tangu usiku huo hajataja Mozart.

Kuhusu ngoma yenyewe nitasema kwa ufupi kwa sababu kidonda hakijapona. Nilinunua Mwenge, kwa wachonga vinyago, ngoma nzuri ya mti mmoja iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Ilikuwa masika. Ngozi hunywa unyevu wa hewa na kulegea, kwa hiyo ngoma iliyolia dukani, nyumbani ikawa inasema "bu" na kunyamaza. Dawa yake inajulikana na kila mpiga ngoma: unaipasha moto ngozi ikauke, ikaze, sauti irudi. Wapiga ngoma hukoka nyasi na kuizungusha ngoma mbali kidogo na ndimi. Mimi nilikuwa na jiko la mkaa na haraka. Baada ya muda harufu tamu ilienea uani, na jirani wa chumba cha pembeni akatoka na sahani mkononi, uso umechangamka, akauliza, "Jirani, leo mmechinja?" Wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Yetu ilipasuka bila kuvuma.

Nilichokuwa nimebaki nacho kisichohitaji fedha ni sauti yangu. Kazi ya kumlaza binti ilikuwa yangu, na hapo ikajulikana kwamba sina hata wimbo mmoja wa kubembeleza. Nyimbo ninazozijua kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho ni za mchakamchaka, zile za shule ya msingi, alfajiri, viatu mkononi, umande miguuni, mwalimu wa zamu nyuma na fimbo. Nikaona si neno, nitaziimba polepole. Niliimba kwa sauti ya chini kabisa, nikimpapasa mgongo. Binti alifumba macho. Kaka yake, niliyedhani kalala zamani, akashuka kitandani na kuanza kukimbia papo kwa papo, magoti juu. Dada mtu akafumbua macho kuona nini kinaendelea. Tulimaliza saa nne usiku, sote watatu tukizunguka meza ya sebuleni kwa mstari, mimi nikiwa wa mwisho na nikihema.

Mke wangu alinitia moyo. Wimbo si lazima mtoto auelewe, alisema. Watafiti wa Montreal, Kanada, waliwahi kuwasikilizisha watoto wa miezi sita hadi tisa sauti za watu wakiongea, na sauti ya mtu akiimba kwa Kituruki, lugha ambayo watoto wale hawakuwahi kuisikia. Kwa maongezi walitulia dakika nne na kidogo ndipo wakaanza kulalamika. Kwa wimbo walifika kama dakika tisa. Niliyapokea maelezo hayo kwa moyo mmoja. Dakika tisa ni nyingi. Mtu anaweza kula chakula cha moto.

Nikaendelea kuimba, na mwanangu akaingia kwenye hatua ya kuitikia. Nyimbo zetu nyingi zimejengwa hivyo: mmoja anatoa, wengine wanapokea. Mama yake alifurahi mno, akasema kuitikiana ni mazoezi ya mazungumzo, mtoto anajifunza kwamba kuna wakati wa kusikiliza na wakati wa kusema. Wa kusema aliujua mara moja. Kwa kuwa shuleni kwa mama yake walikuwa wakifanya mazoezi ya siku ya wazazi, alirudi na kiitikio kimoja kilichomtosha kwa kila jambo. Ukisema "ugali," anajibu "oyee!" Ukisema "kaoge," anajibu "oyee!" na haogi.

Mama mwenye nyumba alikuja mwishoni mwa mwezi. Ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, ambaye huzungumzia fedha kwa kuzunguka. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, akakaribishwa kiti, akauliza hali za watoto, akasifu usafi wa ua. Kisha akakohoa.

"Baba, nimekuja kidogo kwa lile suala la kodi."

"Kodi, oyeee!" alisema mwanangu, ngumi juu.

Mama akatabasamu kwa shida. "Naona imechelewa."

"Imechelewa, oyeee!"

Binti naye, asiyejua neno hata moja, akarusha mikono miwili hewani. Nililipa jioni ile ile. Sijawahi kuona hoja ya mdaiwa ikiharibiwa na watu wa nyumbani mwake kiasi kile.

Mdundo ukishaingia mwilini mwa mtoto hauchagui mahali pa kutokea. Tulikuwa kwenye daladala ya kwenda Kariakoo, nimempakata mwanangu siti ya karibu na mlango. Kituoni konda akashuka kubishana na abiria juu ya chenji. Mwanangu alikuwa ameyasikiliza makofi ya konda kwenye bodi tangu Tabata, na alishaelewa somo. Akanyoosha mkono dirishani, akapiga mara mbili, safi, kwa nafasi inayotakiwa. Dereva akatia gia, tukaondoka. Nyuma yetu konda alitimua mbio, noti zimekunjwa katikati ya vidole, akiita majina ambayo siwezi kuyaandika.

"Dereva, konda kaachwa!" abiria wakapiga kelele.

"Si kapiga bodi?"

"Nani kapiga?"

Basi zima likamnyooshea kidole mtoto wangu, naye akapunga mkono. Konda alipanda akiwa hana pumzi. Alimtazama dogo kwa muda, akasema ana kipaji, kisha akanigeukia: "Huyu leo alipe nauli ya mtu mzima. Kafanya kazi ya mtu mzima."

Ndipo mama yangu alipokuja kutoka Tanga. Ni mzaliwa wa mji uliokuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya taarabu vilivyoupa mji ule jina. Sauti ya mwimbaji Shakila aliisikia akiwa msichana, na mpaka leo akimsikia hukaza mtandio na kuacha anachofanya. Alifika, akamkumbatia mjukuu wake wa kiume akimwita mume wangu, akamchumu binti akimwita mke mwenzangu, kisha akainama kufunga kiatu na kuona chini ya kitanda chetu. Huko ndiko kulikokuwa na sufuria zilizopinda, chupa za mchele, maiti ya kinanda na ngoma iliyotoboka. Alivitazama kimoja baada ya kingine.

"Haya yote ya nini?" akauliza.

"Muziki wa watoto, mama."

"Na watoto mnawaweka wapi?"

Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akamweka binti juu ya magoti, uso kwa uso. Hakuchukua chombo chochote. Alianza wimbo wa kwao, wa Kidigo, akimrusharusha kwa magoti: mbili mbili kwanza, kisha, bila kukatisha, tatu tatu. Mke wangu alinikanyaga mguu. Alikuwa amesoma jambo hilo hilo: mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwarusharusha watoto wa miezi saba kwa mdundo mmoja usioegemea upande, baadhi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye kila mtoto alipendelea kuusikiliza mdundo ule kwa namna alivyorushwa. Waliotazama tu mtu mwingine akirukaruka hawakupata kitu. Mama yangu hajawahi kusikia habari za McMaster, na wala hatanufaika nazo.

Kilichonishika mimi ni kitu kingine. Alipofika mwisho wa mstari alikata wimbo kabla ya silabi ya mwisho. Magoti yakasimama. Nyusi zikapanda juu, mdomo ukabaki wazi nusu, na akangoja. Binti alikaza miguu. Macho yalienda kwenye mdomo wa bibi, yakaenda kwenye nyusi, yakarudi mdomoni. Vidole vya miguu vilikunjuka. Bibi hakumsaidia. Kimya kilienda mpaka mimi mwenyewe nikataka kumalizia, mke wangu akanifinya. Kisha kifua kidogo kikajaa hewa na mtoto akatoa sauti moja, kubwa, yenye mate: "Ba!" Bibi akaipokea, akaishusha mahali pake, magoti yakaondoka upya. Binti alicheka kicheko cha mtu aliyeshinda kesi.

Nilivihesabu vyombo vyangu kichwani na kuona kasoro moja ya vyote. Simu haikumngoja mtoto. Kinanda hakikumngoja, kiliimba hata kabatini, hata yeye akiwa amelala. Mozart ana haki ya kutomngoja, alikufa mwaka 1791. Watu wa McMaster waliwahi kulipima hili pia, wakatoa matokeo mwaka 2012: watoto wa miezi sita waliopelekwa na wazazi wao kuimba na kupiga vyombo pamoja kila wiki kwa nusu mwaka, na wengine waliocheza tu na vitu huku kanda zikipiga pembeni. Wale wa kwanza walitabasamu zaidi, walibembelezeka upesi zaidi, na waliwahi kunyooshea vitu kidole na kupunga mkono wa kwaheri. Tofauti haikuwa muziki, maana muziki wote waliupata. Tofauti ni kwamba upande mmoja kulikuwa na mtu, na mtu anaweza kukata wimbo, akapandisha nyusi, akasubiri ujumbe kutoka kwa mtu ambaye hana hata jino la nyuma. Hiyo kazi haihitaji sauti nzuri. Inahitaji mtu mzima asiyejali anaonekanaje akiwa ameachama mbele ya mtoto.

Sura ya kuachama ninayo. Tangu hapo nyumbani hatupigi kitu ila viganja, mapaja na mara chache meza. Nyimbo za mchakamchaka zimepata kazi mpya: nazitoa mchana, nakata kabla ya neno la mwisho, nangoja. Mwanangu hujaza neno lake, na mara nyingi si lile lililoandikwa na mtunzi. Binti hujaza "ba." Mama yao anasema watoto wakicheza mdundo mmoja na mtu huwa wepesi wa kumsaidia, jambo hilo nalo lilipimwa kwa watoto wa miezi 14, ambao baada ya kurushwarushwa sambamba na mtu fulani waliwahi kumwokotea vibanio vya nguo alivyoangusha. Kwetu limethibitika kabla ya umri. Juzi baada ya wimbo niliangusha simu, binti akatambaa mbio kuniokotea, na kwa wema wake wote akaiweka mahali salama, ndani ya ndoo ya maji.

Watoto wa majirani wameshaanza kuja. Jioni ua mzima unakaa duara, na aliyekuja na sahani siku ya ngoma ndiye anayepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, labda bado ana matumaini. Wiki iliyopita mama mwenye nyumba alitokea getini katikati ya wimbo. Tulidhani amekuja kwa sababu ya kelele. Alisimama, akasikiliza, akasema makofi yetu hayana mpangilio, akaomba kigoda. Kumbe ujanani aliimba kwaya. Akatupanga upya, wakubwa nyuma, wadogo mbele, akatufundisha kupokea. Mwanangu akamvuta kanga na kumwonyesha namna tunavyofanya siku hizi: unatoa neno, unapandisha nyusi, unangoja.

Mama alielewa haraka mno. Akajinyoosha, akatutazama sote kwa zamu, akainua mkono.

"Kodi!" Nyusi juu. Akangoja.

"Oyeee!" ua mzima ukapokea, na mimi nikiwemo.

"Kuanzia Januari!"

"Oyeee!"

"Imepanda!"

Watoto wakapokea kwa sauti moja, hata binti yangu akatia "ba" yake mahali pake hasa. Mama akabaki ameniangalia mimi, nyusi juu, anangoja.